Ugali wa uwele unanishinda, na mama mkwe yuko njiani

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mgogo wa Chamwino. Mwaka huu tumehamia Dodoma mjini, tunakaa Ilazo. Kwetu nimekulia wali wa nazi, samaki na ugali wa sembe, na hivyo napika bila kufikiri. Hapa nimekwama.

Baada ya mavuno mama mkwe anakuja pamoja na baba mdogo wa mume wangu, watakaa wiki mbili. Mume wangu ameniambia kwa upole kwamba mama yake asipokula ugali wa uwele na mlenda anajiona hajala. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza nilinunua unga wa uwele wa mfuko dukani. Ugali ukawa mchungu na ulinuka mafuta ya kupikia yaliyokaa. Mara ya pili nilichukua unga mwingine, ukanata mwikoni kama gundi, na katikati nikakuta madonge yenye unga mkavu. Mara ya tatu uliiva, lakini ulikuwa na mchanga, na rangi yake ya kijivu yenye ukijani ilinitia shaka kama haujaharibika.

Mlenda ndio balaa zaidi. Nilitumia ule mkavu wa kusagwa. Niliweka magadi kijiko kimoja cha chai, nyanya tatu na karanga, nikafunika ukachemka nusu saa. Ukatoka mweusi, mchungu kama sabuni, na haukuvutika hata kidogo. Maji matupu.

Maharage nayo: Tanga yaliiva kwa saa moja na nusu, hapa yanapita saa tatu na bado yanagoma. Gesi inakwisha kama inavuja.

La mwisho, baba mdogo anapenda nyama choma na mume wangu anataka tumpeleke mnadani. Tulipokwenda mara ya mwisho tuliagiza kilo mbili kwa watu wanne, tukaletewa sinia la mifupa na nyama ngumu, na bili ilikuwa na vitu ambavyo hatukuviagiza. Tuagizeje?

Naomba unielekeze kwa vipimo, maana kila ninayemuuliza ananijibu, "unaweka tu kwa macho."

Mkamwana, Ilazo

*

Marahaba mkamwana, na karibu Dodoma.

Niseme mapema: mkono wako hauna kosa kubwa. Ule unga wa kwanza ulikuwa umeshaharibika kabla hujawasha jiko, na maji unayopikia hapa si maji ya Tanga. Hayo mawili yanaeleza zaidi ya nusu ya barua yako. Yanayobaki ni mpangilio wa kazi, nao unafundishika kwa vipimo. Wanaokuambia "kwa macho" hawakunyimi siri. Macho yao yameshapima mara nyingi mno, hawakumbuki tena kipimo.

Tuanze na unga, maana ukikosea hapo hakuna ufundi wa mwiko utakaokuokoa. Punje ya uwele ni ndogo lakini kiini chake ni kikubwa, na kiini hicho kina mafuta mengi: karibu asilimia 5 ya uzito wa punje nzima, zaidi ya mtama, na mbali kabisa na sembe ambayo kiini chake kimeondolewa mashineni. Punje ikiwa nzima, mafuta hayo yamefungiwa salama. Ikisagwa tu, vimeng'enya vya punje yenyewe, yaani vichocheo vyake vya asili, vinakutana na mafuta na kuanza kuyavunja siku hiyohiyo. Kwa joto la Dodoma, hesabu kwamba unga wa uwele una wiki moja ya utamu wake. Baada ya hapo unaingia uchungu, na uchungu huo hautoki kwa kuchemsha wala kwa kuchanganya na unga mwingine. Mfuko wa dukani usioandikwa tarehe ya kusagwa uache hapohapo. Vijijini uwele unawekwa ghalani ukiwa punje, unasagwa wa kutosha siku chache tu, na sababu ndiyo hiyo.

Kwa hiyo nunua punje. Soko la Majengo utazipata kwa kisado; kisado kimoja cha lita nne kinatoa kama kilo tatu na kidogo, kinatosha familia kwa siku kadhaa. Chukua kiganja, sugua, puliza, kisha nusa. Punje nzuri ni ya kijivu, ngumu, haina vumbi jeupe la fukusi wala harufu ya ukungu. Tafuna chache: ziwe na utamu wa mbali, kama karanga mbichi.

Mchanga ulioukuta unatokana na uwele kupurwa chini, kwenye udongo. Kupepeta peke yake hakuuondoi, kwa sababu kokoto ndogo inalingana uzito na punje. Mimina punje kwenye beseni la maji, koroga kwa mkono, kisha opoa kwa chekecheo zile zinazozunguka huku ukiacha tabaka la chini litulie. Hamishia beseni la pili, rudia. Mara tatu zinatosha. Tabaka la mwisho kabisa chini ya beseni, hata kama lina punje, wape kuku. Kuna wanaojaribu kuokoa kile kiganja cha mwisho, na ndicho kinachorudisha mchanga kwenye meno ya wageni.

Hapa kuna hatua moja ambayo wengi hawaifanyi, nami ningekusihi uifanye kama unataka unga udumu wiki zote mbili za ugeni. Chemsha maji mara tatu ya ujazo wa punje. Yakitokota sawasawa, tumbukiza punje zilizooshwa, hesabu dakika moja, zimwage kwenye chekecheo mara moja. Joto hilo linaua vile vimeng'enya vinavyoleta uchungu bila kuivisha wanga. Usizidishe, zikikaa dakika tano zinaanza kuvimba, na unga wake hautasongeka vizuri. Kisha anika kwenye turubai safi, tabaka jembamba, ukigeuza kila baada ya saa moja, mpaka punje ikitafunwa ivunjike kwa mlio. Kwa jua la hapa ni siku moja, ukianza asubuhi. Ikipelekwa mashineni na unyevu inaziba chekeche, na unga unavunda.

Mashineni omba usagiwe laini. Mwambie fundi kiganja chako cha kwanza kipite kisafishe mabaki ya mtu aliyetangulia, hasa kama alisaga mahindi ya mifugo. Unga ukitoka ni wa moto: utandaze kwenye kitambaa upoe kabisa ndipo uufunike kwenye ndoo. Ukifungwa na joto unatoa jasho, unashikana, na uchungu unakuja haraka. Kama una friji, gawa kwenye mifuko ya matumizi ya siku mbili mbili na uuweke humo.

Rangi isikutishe. Kijivu chenye ukijani ndiyo rangi ya uwele. Inazidi ukijani pale maji yanapokuwa na hali ya magadi, na maji mengi ya visima vya hapa yako hivyo. Ukitaka ugali mweupe zaidi, kamulia nusu ya limao kwenye maji ya kusongea, au tumia maji ya ukwaju kidogo. Uchachu unaififisha ile rangi mbele ya macho yako. Ladha haibadiliki kwa kiasi hicho. Lakini mama mkwe hataushangaa ugali wa kijivu. Ataushangaa mweupe.

Sasa kusonga. Kwa watu wanne hadi watano tumia kikombe cha robo lita kwa kila kitu: maji vikombe vitano, unga vikombe vinne vya kusawazisha juu bila kushindilia, yaani gramu 550 hadi 600. Sufuria iwe nzito, maana moto wa gesi unakusanyika katikati na sufuria nyepesi inaunguza kabla pembeni hakujaiva.

Injika vikombe vinne vya maji. Kikombe cha tano kibaki cha baridi. Koroga humo nusu kikombe cha unga mpaka pasiwe na donge. Maji ya jikoni yakitokota, mimina mchanganyiko huo huku unakoroga, na uendelee kukoroga mpaka uji uchemke. Funika ukiacha upenyo kidogo, punguza moto, uache uchemke dakika tano kamili. Unaruka sana, kwa hiyo usiinamie sufuria. Dakika hizi tano ndizo zilizokosekana mara yako ya pili. Uwele hauna mnato wa ngano; kinachoushikanisha ni wanga ulioiva tu. Uji usipoiva, unga unaouongeza unabaki bila gundi yake ya asili, unamomonyoka au unanata vibaya, na mtu anaanza kuupiga kwa nguvu kuuweka sawa. Hapo chembe za wanga zilizovimba zinapasuka na ugali unageuka ulimbo. Sembe huvumilia kuharakishwa, uwele hauvumilii.

Uji ukishaiva, weka moto wa wastani na nyunyiza unga uliobaki kwa mafungu matatu, kila fungu ulimalize kabla ya jingine. Donge lenye unga mkavu ndani linatokea unapomwaga unga wote mara moja: nje ya rundo panaiva na kuwa ngozi, maji hayapiti tena. Kusonga si kukoroga. Kandamiza kwenye ukuta wa sufuria, geuza, kandamiza tena, ukizunguka. Ukiona umekuwa mgumu kabla ya muda, ongeza maji ya moto, nusu kikombe. Ya baridi yanaukata ukapoteza mshikamano. Ufanye laini kidogo kuliko sembe uliyoizoea, maana uwele unakaza zaidi ukipoa.

Fungu la tatu likiingia, songa dakika tatu, kusanya katikati, funika, moto mdogo kabisa, dakika nne. Geuza, funika tena dakika tatu. Umeiva pale unapojitenga na ukuta wa sufuria na harufu ya unga mbichi inapogeuka kuwa ya karanga zilizokaangwa. Bana kipande kidogo kati ya vidole: pasiwe na vidoa vikavu. Lowesha bakuli, mimina ugali, utikise uwe duara, pindua kwenye sahani.

Mtama nitausema kwa ufupi kwa kuwa hukuuuliza, ila utaletewa. Ule mweupe, kama wa mbegu ya Macia, unasongwa hivyohivyo na ni mtamu. Mwekundu una ukakasi unaokausha ulimi. Wakulima wanaupanda kwa sababu hata ndege kwelea kwelea hawaupendi sana. Huo ukoboe kwanza, vinginevyo ugali wake utakuwa mkali. Wakati wa mazoezi unaweza kuchanganya vikombe vitatu vya uwele na kimoja cha mtama mweupe, unasongeka kwa urahisi zaidi. Unga wa muhogo pia unashikanisha, lakini siku ya mgeni usiuweke. Mtu aliyekula uwele miaka yote anautambua kwenye tonge la kwanza.

Tuje kwenye mlenda, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu vitu vyote ulivyotia ni sahihi ila kila kimoja kimekwenda kinyume na mwenzake.

Ule uvutikaji wa mlenda ni nyuzi ndefu sana za wanga laini zilizomo kwenye jani. Magadi yanalainisha kuta za jani ili nyuzi zitoke. Uchachu na mchemko mrefu vinazikata. Wewe ulitia magadi mara nne ya kinachohitajika, ndiyo sabuni uliyoionja. Ukatia nyanya tatu mwanzoni, uchachu wake ukapigana na magadi na kuzikata nyuzi. Ukafunika nusu saa, na zilizobaki zikaisha. Weusi nao ni wa uchachu na mfuniko: kijani cha jani kikipikwa na nyanya, mvuke ukazuiwa kutoka, kinageuka kahawia na kuelekea weusi. Magadi peke yake yangekiacha kijani.

Angalia pia ulichonunua. Unga mzuri wa mlenda ni wa kijani kilichokolea na unanukia nyasi kavu. Wa rangi ya majani ya chai umeanikwa juani. Jua kali linaondoa rangi na sehemu kubwa ya vitamini A. Ulioanikwa kivulini ni bora na unavutika zaidi. Muulize muuzaji, halafu tia chembe kwenye kiganja chenye maji na usugue: ukishika utelezi ndani ya nusu dakika, chukua.

Magadi usiyatie yakiwa bonge. Loweka kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kwenye robo kikombe cha maji, acha yatulie, tumia maji ya juu na umwage mashapo. Kama ni ya unga, robo ya kijiko cha chai inatosha sufuria nzima. Mama mkwe kama ana shinikizo la damu, punguza mpaka chembe tu, na chumvi pia uipunguze, kwa sababu magadi yana sodiamu kama chumvi. Tena magadi yanaharibu baadhi ya vitamini, kwa hiyo hakuna faida ya kuzidisha.

Karanga zipikwe sufuria yake. Nusu kikombe ya karanga zilizotwangwa laini, nyanya moja ndogo iliyoparuzwa, kikombe kimoja cha maji, chumvi. Moto mdogo, dakika kumi na tano, ukikoroga kila mara, kwa maana karanga zinatulia chini na kuungua. Zimeiva mafuta yakianza kuonekana juu. Wakati huohuo, sufuria ya pili, chemsha maji vikombe viwili na nusu, tia maji ya magadi, kisha nyunyiza vijiko vinne vya chakula vya unga wa mlenda kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukipekecha kwa upekecho. Usifunike. Dakika nane, moto wa wastani. Mimina karanga ndani, pekecha, zichemke pamoja dakika mbili, ipua. Ukiinua upekecho, mlenda ushuke kama uzi usiokatika. Ukiwa mwepesi, nyunyiza kijiko kimoja zaidi na usubiri dakika mbili kabla ya kuhukumu, maana unazidi kukaza. Ukiwa mzito, maji ya moto.

Kuhusu karanga nina neno zito. Zichambue moja moja. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au uchungu, tupa. Usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani na haifi kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi ndiyo yaliyotajwa zaidi, lakini karanga ni zao linaloshikwa kwa urahisi vilevile. Ndiyo maana nakushauri ununue karanga za punje na uzitwange mwenyewe. Za kusagwa tayari huwezi kujua ndani yake mlikuwa na nini.

Maharage sasa. Tanga uko usawa wa bahari na maji yanachemka kwa nyuzi 100. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya bahari, maji yanachemka kwa karibu nyuzi 96. Huwezi kuyafanya yapite hapo kwa kuongeza moto. Unaongeza mvuke na bili ya gesi tu. Juu ya hilo, maji magumu yana chokaa inayokaza ngozi ya harage. Angalia birika lako: likiwa na ukoko mweupe ndani, jibu ndilo hilo. Loweka nusu kilo ya maharage usiku kucha kwenye lita mbili za maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha chumvi. Chumvi inachukua nafasi ya chokaa kwenye ngozi, na ile imani kwamba chumvi inagomesha maharage haina ukweli hapa. Asubuhi mwaga, suuza. Pikia maji yaliyochemshwa jana, yakapoa, ukamimina ya juu na kuacha mashapo, au ya mvua kama umeyakinga. Yatokote kwa nguvu dakika kumi za mwanzo, kisha moto mdogo, mfuniko juu. Nyanya, limao na ukwaju visiguse sufuria mpaka yameiva. Yakiendelea kugoma, ni ya zamani. Maharage yaliyokaa ghalani kwenye joto yanakuwa mawe, na hapo chembe ya magadi ndiyo dawa. Ukipata sufuria ya presha, nunua. Kwa mji huu inajilipa yenyewe kwa gesi.

Mnadani mpeleke baba mdogo bila hofu, ila agizo likamilike kabla nyama haijagusa moto. Kilo mnazopimiwa ni za nyama mbichi yenye mfupa, na kwenye moto inapoteza robo hadi theluthi ya uzito. Kilo mbili zilizokatwa sehemu ya shingo na kifua zinaweza kufika mezani zikiwa na nyama ya watu wawili. Kwa watu wanne wanaokula vizuri, chukua kilo mbili na nusu. Nenda mwenyewe buchani, angalia muhuri wa mkaguzi kwenye mzoga, onyesha kwa kidole: paja la nyuma kwa wenye meno, mbavu kwa mafuta na utamu. Mzani usomwe mbele yako, kabla na si baada ya kukatwa. Omba vipande vikubwa. Vidogo vinakauka vikiwa bado vigumu.

Ugumu wenyewe mara nyingi si kosa la mchomaji. Mbuzi aliyechinjwa asubuhi, saa sita misuli yake imekaza, na moto mkali unazidi kuikaza. Dawa ni makaa yaliyopungua nguvu, nyama ikae juu, ichomwe saa moja au zaidi, moto mkali uje dakika kumi za mwisho kwa ajili ya rangi. Kwa hiyo fika mapema, agiza, kisha mnywe supu mkisubiri. Kama meno ya baba mdogo yamepungua, mwagizie maini na mbavu laini, na umwombe mchomaji amkatie yeye vipande vidogo nyama ikishaiva. Uliza kwa sauti, mbele ya mume wako: kuchoma kuna bei yake? Ndizi, ugali, kachumbari, vinalipiwa? Wakikuletea kitu ambacho hukuagiza, kirudishe kabla hakijaguswa. Kachumbari, kama hujaona nyanya zikioshwa kwa maji safi, muiache. Chumvi, limao na pilipili vinatosha.

Kuna jambo la mwisho, na hili mwambie mume wako alifanye kwa simu wiki hii. Amwombe mama yake aje na nusu debe ya uwele wa shambani kwao na kifungu cha mlenda aliouanika mwenyewe. Ni mzigo mwepesi kwa basi, na mama wa Kigogo akiombwa uwele wake atafurahi kuliko kununuliwa kitenge. Akifika, mpokee kwa salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", mweleze wazi kwamba unajifunza, na siku ya kwanza upike wewe bila kumwomba akae jikoni. Amechoka na safari. Siku ya pili mwombe asonge yeye, ukae karibu na kikombe chako cha robo lita, na kila anachotia "kwa macho" ukipime kabla hakijaingia sufuriani.

Siku yenyewe ya kupokea wageni, maharage yawe yameiva tangu asubuhi, karanga zimepikwa na kufunikwa. Injika maji ya ugali wageni wakiwa wanapumzika, na wakati ugali umefunikwa kwa zile dakika za mwisho ndipo uanze kunyunyiza mlenda. Ugali unaweza kusubiri dakika kumi, mlenda hauwezi. Wakishanawa mikono, upekeche mara moja ya mwisho na uupakue ukiwa bado unavutika.